Baruti Iliyogawanywa kwa Kopo

Meza yangu ya jikoni ina matundu manne. Ukija kwangu Beechmont, hapa Louisville, utayakuta pembeni, upande wa dirisha. Nimeyafunika kwa kitambaa cha maua lakini ukipitisha kiganja utayahisi. Mume wangu aliyatoboa kwa drili ya kuazima siku ambayo mimi niko kazini, hakuniuliza, kwenye meza niliyoinunua mimi, tukaipandisha ngazi mimi na jirani yangu Mkongo jasho likitutiririka. Niliporudi nikakuta dude la chuma lenye mpini mrefu limesimama pale pale ninapokatia sombe, majani yangu ya muhogo. Nikamuuliza, hiki nini? Akanijibu, "Mama watoto, tulia kwanza." Ukitaka nipandwe na mashetani, niambie nitulie kwanza.

Lilikuwa la kutengenezea risasi. Nyumbani. Jikoni. Pembeni ya sufuria zangu.

Sisi ni Warundi tuliokulia kambini Tanzania, upande wa Kigoma, kisha tukaletwa Amerika. Tulipofika Louisville mimi nilipata kazi kwenye nyumba ya kulea wazee, mume wangu akapata ya kupanga maboksi ghalani. Kaka yake alipelekwa Columbus, akakaa Whitehall kwenye fleti zile ambazo bila gari hufiki hata dukani kununua chumvi. Huyo kaka mimi namwita Mheshimiwa, kwa sababu hawezi kuomba hata maji ya kunywa bila kuhutubia. Na mdogo wangu wa mwisho, damu yangu mimi, walimtupa kule Buffalo kwenye theluji. Alikuwa amepanga chumba North Buffalo, anafanya kazi kiwandani siku za wiki, na Jumapili anapiga gitaa kanisani.

Huyo mdogo wangu nilivuka mpaka naye akiwa mgongoni. Mama alitufia kambini kwa malaria naye hata meno hajamaliza kuota, kwa hiyo mimi ndiye niliyemtafunia chakula. Gitaa alijifunza kwa kopo la mafuta ya msaada na nyaya za breki za baiskeli, na alipopata gitaa la kweli Amerika alilia kwenye simu mpaka nikadhani amefiwa. Kila Jumamosi alikuwa ananitumia sauti ya wimbo atakaopiga kesho yake. Nilikuwa nausikiliza nikiosha bibi zangu wa kizungu, nao walikuwa wanatikisa vichwa ijapokuwa hawaelewi neno. Vile vidole vyake vilikuwa ndivyo urithi wetu wote, maana mama hakutuachia kingine.

Sasa nieleze risasi ziliingiaje. Mheshimiwa alivamiwa kwenye maegesho ya fleti zao akashikiwa kisu, wakamchukulia simu na viatu. Viatu ndivyo vilivyomuuma. Akanunua bastola. Mume wangu naye, ambaye hajaporwa hata kalamu, akaona yeye ni nani abaki nyuma, akanunua. Wazungu wa ghalani kwake wakawa wanamchukua siku za mapumziko kwenda kiwanja cha kulengea shabaha, anarudi anacheka, ananuka moshi. Kisha mdogo wangu akanipigia simu, "Dada, na mimi nimenunua." Nikamuuliza, unamwogopa nani wewe? Akasema haogopi mtu, ila mashemeji wote wawili wanayo. Nilimtukana siku ile mpaka sauti ikanikauka. Sisi tumeacha nyumba, tumeacha makaburi, tumelala porini na mvua kwa ajili ya kukimbia risasi, halafu unakuja kuzinunua kwa hiari yako! Akaitikia tu kwa adabu, na bastola akabaki nayo.

Miaka ile risasi ziliadimika madukani. Watu walikuwa wanapanga foleni asubuhi, wengine wanabeba maboksi mazima kuficha. Mtu mmoja ghalani akamwambia mume wangu asihangaike: maganda matupu unayoyaacha chini kiwanjani yaokote, yajaze upya mwenyewe. Unaking'oa kile kiwashio kilichokwisha kitakoni mwa ganda, unaweka jipya, unamimina baruti, unakandamiza kichwa cha risasi juu, basi. Ungemwona mume wangu alivyorudi na habari hiyo. Sisi watu wa kambini hatutupi kitu. Kopo la nyanya ni kikombe, gunia ni pazia, kandambili iliyokatika inafungwa waya. Kumwambia mtu kama huyo kwamba risasi iliyokwisha kupigwa inaweza kupigwa tena ni kumwonyesha mbingu.

Wakaanza vikao vya simu, watatu kwa mpigo, kila Jumapili baada ya ibada. Wangetumia muda ule kusoma Biblia wangekuwa maaskofu. Hoja ilikuwa wachange wanunue vifaa vya pamoja, lakini vipi? Mheshimiwa alikuwa ameangalia video, kwa hiyo alikuwa profesa. Alitaka mashine kubwa yenye kichwa kinachozunguka, ambayo kila ukivuta mpini risasi moja inadondoka imekamilika. Mdogo wangu alisema kwa anayeanza inatosha ile ndogo ya kufanya hatua moja moja. "Wewe mtoto," Mheshimiwa akamwambia, "unataka tulime na kijiko wakati trekta lipo?" Wakacheka. Mimi nilikuwa napepeta mchele, nikasema kwa sauti, je, mkikosea inakuwaje? Mume wangu akafunika simu kwa kiganja, akaniambia haya ni mazungumzo ya wanaume.

Lakini siku ya kwenda dukani wanaume hao walinihitaji, maana Kiingereza cha mume wangu kinaishia kwenye maboksi. Duka lilikuwa nje kidogo ya mji, na muuzaji ni mzee wa kizungu mwenye vifaa vya kusikia masikioni, mpole, aliyetuita bwana na bibi. Mume wangu akaiweka simu juu ya kaunta ikiwa na sauti wazi ili Columbus na Buffalo washiriki. Yule mzee akaiangalia ile simu, akaniangalia mimi, akaanza.

Akatoa mashine ya chuma, nzito, yenye mpini mmoja. Akasema hii kwa anayeanza ndiyo mwalimu wake: inafanya jambo moja tu kwa wakati mmoja, kwa hiyo macho yako yanaona kila hatua, na ukikosea unaona umekosea. Nikatafsiri. "Ile inayozunguka!" Mheshimiwa akapiga kelele kutoka Whitehall. "Mwambie tunataka ile inayozunguka!" Mzee akauliza huyo ni nani. Nikamwambia ni mgonjwa.

Akatuonyesha na ile inayozunguka. Akasema ni nzuri, lakini inafanya mambo mengi kwa pamoja, na macho ya mtu mgeni hayawezi kuyafuata yote. Inamwaga baruti yenyewe, ndiyo, lakini ni wewe unayeiambia imwage kiasi gani, na huwezi kuiambia bila mizani. Hapo akaweka mizani juu ya kaunta. Kadude kadogo tu, kanaingia kiganjani. Akaweka kitabu cha vipimo, akaweka miwani ya kinga, akaweka na kipimo chenye taya mbili cha kupimia urefu wa risasi. Akasema kama fedha ni kidogo, chukueni mashine ndogo na hivi vyote. Msichukue mashine kubwa mkaviacha hivi.

Mume wangu akaishika ile mizani, akaigeuza, akairudisha. "Mwambie mimi nimegawa chakula cha watu kambini miaka nenda rudi, hakuna aliyelalamika."

Na hilo, jamani, ni kweli tupu, ndiyo maana linaniuma. Kambini posho haikutolewa nyumba kwa nyumba. Familia kadhaa zilipewa gunia pamoja, na lazima apatikane mtu wa kuligawa. Ugomvi wote wa dunia uko hapo. Mume wangu alikuwa bado kijana lakini kundi zima lilimtaka yeye. Alikuwa anachota unga kwa kopo, anasawazisha juu kwa kijiti, fyaa, anamwaga kwenye beseni lako, na hata yule mama mkorofi kuliko wote alikuwa anaondoka kimya. Mimi nilimpendea hapo hapo, kwenye foleni ya mahindi. Mwanaume asiyempunja mjane, nikajiambia, huyu hataniangusha.

Nikamtafsiria mzee. Mzee akatikisa kichwa, hakukasirika. Akasema, "Unga ukizidi kidogo mtoto anashiba. Baruti ikizidi kidogo bastola inapasuka mkononi." Nikayatafsiri maneno yale neno kwa neno, mbele ya simu, ili wote watatu wayasikie. Kisha akachukua chupa ya baruti, akaigonga kwa kidole, akasema jambo moja la mwisho: hii haitoki kwenye chupa yake. Kamwe. Usiihamishie kwenye chombo kingine, kwa sababu ikishatoka hapa haina jina, na baruti mbili zinaweza kufanana kwa macho lakini kijiko cha hii kinasukuma risasi na kijiko kile kile cha nyingine kinapasua chuma. Nikatafsiri na hilo. Mume wangu akaitikia, ndiyo mzee, ndiyo mzee.

Halafu akanunua mashine kubwa.

Mizani tutaongeza baadaye, akasema. Miwani? Yeye ana miwani ya jua. Kitabu? Mheshimiwa ana video. Mdogo wangu, kwa sababu yuko mbali na mashine ya pamoja, akanunuliwa vifaa vidogo vya mkono, kalibu moja ya kukandamizia risasi na nyundo ya plastiki na kijiko cha kuchotea baruti, aanzie hapo. Yule mzee alitufungia mzigo. Njia nzima ya kurudi nilimwambia mume wangu maneno ambayo siwezi kuyaandika, na yeye anaendesha huku anapiga mluzi.

Baruti ya dukani tulinunua chupa moja, kisha ikatokea ya pili. Mheshimiwa alipewa na mtu wa kazini kwake aliyekuwa anahama, chupa kubwa imejaa, bure. Mkimbizi hakatai cha bure. Akaileta Louisville mwenyewe, akaipiga piga tumboni kama anauza mbuzi. Kwa hiyo sasa tukawa na chupa mbili za aina mbili, na watu watatu waliochanga.

Siku hiyo ya kugawa nilitoka kazini mchana. Nafungua mlango nakuta mume wangu amekaa mezani, amevaa shati safi kabisa, na mbele yake amepanga makopo sita ya siagi ya karanga, yameoshwa yanang'aa. Anachota baruti kwa kopo dogo la nyanya, anasawazisha kwa kijiti, fyaa, anamwaga. Yaani uso wake ulikuwa ule ule wa kambini. Matatu yenye vifuniko vyekundu aliyatia baruti ya dukani, matatu ya vifuniko vya bluu aliyatia ile ya Mheshimiwa. Kila mtu apate kopo jekundu na kopo la bluu. Haki sawa.

"Wewe," nikamwambia, "mzee alisema nini?"

"Alisema tusichanganye. Nimechanganya mimi? Nyekundu ya dukani, bluu ya kaka. Hata mtoto anaelewa."

"Alisema isitoke kwenye chupa yake!"

"Sasa nitaigawaje bila kuitoa?" Akaniuliza kwa upole kabisa, kama mimi ndiye mjinga. "Watu watatu wamechanga, chupa moja nitaipasua kwa shoka?"

"Kaka yako hana hata mashine. Baruti ya nini kwake, anywe chai?"

"Amechanga. Chake ni chake."

Nikashika kiuno. Nikamwambia hii siyo unga, siyo maharage, hapa hakuna mjane anayesubiri fungu lake, acha hii tabia ya foleni, tuko Amerika! Nikamwambia zile chupa zina maandishi, na maandishi ndiyo uhai wa mtu. Binti yetu mkubwa alikuwa kwenye kochi, akasema kwa Kiingereza kwamba mama ana haki. Baba yake akamwambia nenda kasome. Chupa zenyewe, zikiwa tupu, alizikata akapandia vitunguu.

Tukakutana Whitehall kwenye ubatizo wa mtoto wa Mheshimiwa. Columbus iko katikati, mdogo wangu aliteremka kutoka Buffalo na gari la kuazima, sisi tukapanda kutoka Louisville. Na makopo yote sita tukapanda nayo, ili kila mtu achukue fungu lake mbele ya wenzake, kwenye mfuko mmoja na vitafunio vya watoto. Nilipogundua nilimfanya asimamishe gari nikaihamishia kwenye buti kwa mikono yangu mwenyewe.

Ubatizo ulikuwa mzuri, sisemi uongo. Mdogo wangu alipiga gitaa mpaka Wakongo wakavua makoti. Baadaye kule kwenye fleti, wali umeisha, soda zinazunguka, Mheshimiwa akaona asipojionyesha atapasuka. Akaleta makopo yote kwenye meza ya nje, akayafungua moja baada ya jingine, akaanza kuwahutubia wageni: hii ndiyo baruti, ndugu zangu, sisi siku hizi hatununui risasi. Mgeni mmoja akainama achungulie. Mdomoni ana sigara.

Nilipiga yowe ambalo sikuwa nimepiga tangu siku ya kuvuka mpaka. Kila mtu aliruka. Yule wa sigara aliitupa kule kwenye nyasi, na Mheshimiwa na mume wangu wakayafunika yale makopo haraka haraka, mikono inagongana, wanacheka kwa aibu, shemeji ana kelele huyu, ametutia presha. Sijutii lile yowe mpaka leo. Mdogo wangu akachukua kopo lake jekundu na kopo lake la bluu, akanikumbatia, akaniambia, "Dada, una hasira ya mama." Akapanda gari akarudi Buffalo.

Zikapita wiki. Jumamosi moja asubuhi nilikuwa nasuka binti yangu nywele, mume wangu yuko mezani kwenye dude lake. Nikasikia amenyamaza. Kwa kawaida anaimba. Nikageuka nikamwona amefungua kopo jekundu, amemimina baruti kidogo kwenye karatasi, anaisukuma kwa kidole. Akafungua na la bluu. Akasema kama anajisemea, "Hii ilikuwa ya vipande bapa. Ya dukani ilikuwa bapa."

Ile iliyokuwa kwenye kopo jekundu ilikuwa ya mviringo.

Akampigia Mheshimiwa: fungua kopo lako jekundu uniambie. Mheshimiwa akaanza hotuba, mume wangu akamkemea kaka yake, jambo ambalo sijawahi kulisikia. Tukasikia kifuniko kinafunguliwa. Kisha sauti ikarudi: bapa. Kwa Mheshimiwa nyekundu ni bapa, kwetu nyekundu ni mviringo. Vifuniko vilibadilishana siku ya sigara. Na Buffalo je?

Niliacha nywele za mtoto nusu kichwa. Nikampigia mdogo wangu, simu inaita haipokelewi. Nikapiga tena. Nikampigia mama mchungaji wa kule, akaniambia, "Ametoka asubuhi na yule rafiki yake Mkongo, wameenda kiwanjani kujaribu risasi zake. Alikuwa na furaha, hizo za kwanza ametengeneza mwenyewe." Kiwanjani wanaziba masikio, simu wanaiacha garini. Nilipiga tu, nikapiga, nikapiga, mume wangu amesimama nyuma yangu anasema pole pole, pole pole. Nikamwambia akisema tena pole pole nitamng'oa ulimi.

Simu ilipopigwa ilikuwa namba ya yule rafiki. "Dada, bon, usiogope. Iko muzima. Ni mukono tu. Bastola ilipasuka, donc tuko hapa ku opitali, banamufunga."

Mukono tu. Huyo kijana alisema kwa wema na mimi nilitaka kumpiga kupitia simu. Mukono tu!

Tukaingia garini. Columbus tulipita kumchukua Mheshimiwa, alikuwa amesimama kwenye maegesho na mfuko wake. Mimi nimekaa mbele nimeshika mkanda kwa mikono miwili, sikumwamkia. Ohio ni bapa na haiishi. Ziwa lilipoanza kuonekana upande wa kushoto, Mheshimiwa akakohoa kule nyuma, akasema, "Sasa nadhani lazima tununue ile mizani."

Nikamwambia mume wangu asimamishe gari. Akasimamisha. Nikateremka, nikafungua mlango wa nyuma, malori yanatupita yanatutikisa, nikamwambia Mheshimiwa shuka. Akashuka, mtu mzima na koti lake. Nilimsema pale pembeni ya barabara kuu kwa Kiswahili, nikaona Kiswahili hakitoshi nikahamia Kirundi. Nikamwambia viatu vyako ndivyo vilivyotuleta hapa. Nikamwambia mdogo wangu nimemtafunia mahindi kwa meno yangu ili akue, wewe umemlisha baruti bila jina. Nikamwambia mizani ile kadude kadogo kanaingia kiganjani, mzee aliiweka mbele yenu, mkainunua mashine ya kuzunguka ili mjione wakubwa. Alikuwa anaitikia tu, ndiyo shemeji, ndiyo shemeji. Machozi yanamtoka. Sikumwonea huruma hata chembe, na leo bado sijapata.

Hospitalini mdogo wangu alikuwa amekaa kitandani, mkono wa kulia umefungwa umekuwa donge jeupe. Uso una madoa ya kuungua lakini macho yalikuwa mazima, kwa sababu yeye alinunua miwani ya kinga, peke yake kati ya wote watatu. Nesi alikuwa ameshanieleza mlangoni: kidole cha shahada hakipo, cha kati hakipo, gumba wanajaribu. Ananiambia taratibu, mimi naangalia gitaa ambalo yule Mkongo alilileta akaliegemeza kwenye kiti, alifikiri litamfariji.

Nilitaka kumgombeza. Nilikuwa na maneno ya njia nzima. Nikamuuliza tu, ilikuwaje?

"Dada, nilipima vizuri," akasema. Sauti nzito kwa dawa. "Nilichota kutoka kopo jekundu. Kijiko kimoja. Nikasawazisha na kijiti, fyaa, kama shemeji. Sikuzidisha hata punje."

"Hukuona punje zake ni za namna nyingine? Kijiko chako kilikuwa kipimo cha ile ya dukani."

Akanishangaa. "Ningekagua fungu ambalo shemeji amegawa? Shemeji hagawi vibaya."

Mume wangu alikuwa nyuma yangu. Sikugeuka. Nilisikia tu viatu vyake vinatoka, na mlango, na kule korido mtu anakaa chini kwa kishindo.

Mashine aliing'oa mwenyewe tulipofika nyumbani, ndiyo nikabaki na matundu. Makopo yetu wazima moto walikuja kuyachukua, wakatuangalia kama watu wasio na akili, na mimi sikuwapinga. Mdogo wangu alipotoka hospitalini nilimhamishia kwangu Beechmont. Gitaa liko chini ya kitanda chake. Jumamosi simu yangu inakaa kimya, na bibi zangu wa kizungu waliniuliza wiki nyingi mbona siku hizi hakuna muziki.

Jumapili ya kwanza tulikaa wote mezani. Binti yangu alileta beseni na birika, akamnawisha kila mtu. Ugali uko katikati, mwiko uko mbele ya mume wangu, maana kwetu siku zote ndiye anayegawa. Hakuushika. Aliusukuma upande wangu, akasema kwa sauti ndogo, "Gawa wewe."

"Wewe ndiye mgawaji," nikamwambia. "Gawa."

"Mama watoto, siwezi."

"Gawa!"

Akagawa. Vipande havikulingana. Mdogo wangu alikishukuru chake, akafumba macho tukaomba. Nimewalea wanangu kama nilivyomlea yeye: mkono wa kushoto haugusi chakula, na anayesahau anapigwa kofi kiganjani palepale. Alipofumbua macho alinyoosha wa kushoto, akamega tonge, likamponyoka, akamega tena. Mtoto wangu mdogo akafungua mdomo amkanye, akaniangalia usoni, akaufunga.